Nilikata Kanda, Katekista Akaitwa Mwongo

Nimekosa mimi. Msinitafutie shetani wa kumtwisha mzigo, wala msiseme ni ujinga wa kutosoma. Mkono ulioshika mkasi ni huu huu ninaoandikia, na mdomo ulioapa uongo nje ya kanisa ni huu huu ninaopokelea komunyo kila Jumapili. Jamani, mnajua uzito wa jambo hilo? Miaka yote hiyo!

Mimi ni bibi mtu mzima. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko wangu unaparua kama kuku, mnivumilie. Lakini majina ya watu siyasahau. Nani alikaa wapi, nani alivaa nini, nani alisema nini, yote ninayo kichwani. Wengine wanasema ni baraka. Kwangu ni adhabu. Majina ya ukoo sitayataja, wenyewe wakisoma watajijua.

Kijiji chetu kiko huku milimani Mbinga, kwenye kahawa. Wakati ule wa ruksa, wanunuzi binafsi walipoanza kuleta malori mpaka uani kuchukua kahawa, mzee wangu Kasian alikwenda Songea akarudi na televisheni, deki na jenereta. Tukafungua kibanda cha video kwenye ghala letu. Benchi za mbao, magunia madirishani, na mimi mlangoni na jiko la maandazi. Watu wakasahau jina la mtoto wangu wa kwanza, wakaniita Mama Video.

Kanda tulikuwa tunaazima kwa Bwana Hemedi, mwenye duka mjini Mbinga, ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Mtafsiri wetu alikuwa Otmar, kijana aliyeachia seminari njiani. Alisimama kando ya televisheni na fimbo yake, akawapa watu Kiswahili cha kila neno, na pale asipoelewa alitunga. Watu walimpenda kuliko sinema yenyewe.

Kasian aliweka sheria moja tu. "Mke wangu," aliniambia, "maandazi ni yako, deki ni yetu. Deki asiiguse mtu ila mimi na Otmar." Nikasema sawa.

Basi Jumapili moja ya mvua, mchana baada ya Misa, ilikuja kanda ya watu wa angani. Otmar hakuwepo, alikuwa msibani. Na kwa ile mvua walikuja watu saba tu. Niwataje: Katekista Desderi, Hyasint fundi cherehani, Fidelis na mdogo wake Festo, Osmund, na wavuvi wawili wa Lituhi waliokuja kuuza usipa, Alanus na Bruno. Kwa kuwa Desderi alisoma kwa mapadri na Kiingereza alikisikia, wakamwomba awatafsirie.

Hadithi ya sinema yenyewe mimi niliijua baadaye, lakini niwaeleze sasa mpate kunifuata. Kuna mama anaacha binti yake mchanga duniani, anapanda chombo kwenda mbali kwenye nyota. Huko miaka haihesabiki kama yetu. Anaporudi, yeye ni yule yule kijana, na binti yake ni kikongwe kama mimi leo. Anabisha hodi. Yule kikongwe anamuuliza maswali matatu ya siri, anajibu yote. Anamwimbia wimbo wa kubembelezea mtoto. Wanakumbatiana, basi, imekwisha.

Mimi siku ile nilikuwa nje nakaanga. Kuelekea mwishoni nikasikia ghala limenyamaza. Fidelis, ambaye hanyamazi hata mbele ya maiti, kimya! Nikaosha mikono nikachungulia, nikakuta dume zima linafuta machozi, na yule mama ameshafika mlangoni kwa binti yake.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Mama Video, umekosa," Fidelis akasema. "Umekosa kitu ambacho hutakiona tena."

Loo! Maneno yale yalinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Kila sinema iliyopita mle ndani mimi niliila vipande vipande, kati ya andazi na andazi. Safari hii nikasema hapana, na mimi ni mtu.

Jumatatu asubuhi Kasian akateremka mjini na kahawa. Nikafunga mlango wa ghala, nikavuta kamba ya jenereta mwenyewe. Ikanguruma kijiji kizima. Kolasta, jirani yangu, akapaza sauti kutoka upande wa pili wa uzio:

"Dada! Mashine asubuhi yote hii?"

"Naijaribu tu, dada!"

Huyo Kolasta lazima mmjue. Alikuwa mjane, mume wake Gaudens alikuwa hana hata mwaka kaburini. Mimi na yeye hatukupigiana hodi. Aliingilia mlango wangu wa jikoni, nami wake. Chumvi yake ilikuwa yangu. Nilipojifungua mtoto wa mwisho, mikono ya kwanza kumpokea ilikuwa ya Kolasta.

Nikaingiza kanda. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, picha zikakimbia mbele, zikakimbia nyuma. Nikabonyeza viwili kwa pamoja. Deki ikakoroma, ikasimama. Nikaitoa kanda kwa nguvu, ikatoka imeacha utumbo wake ndani. Mungu wangu! Nilivuta utepe ule mweusi umekunjamana kama utumbo wa kuku. Urefu wake kama kanga tatu zilizounganishwa.

Ningemngoja mume wangu nimwambie, leo nisingekuwa na cha kuandika. Nilichukua mkasi. Nilishawahi kumwona Otmar akiunga kanda iliyokatika, basi nikakata palipokunjamana, nikaunga ncha mbili kwa selotepu, nikazungusha kwa kalamu mpaka ikakaza. Kile kipande nikakikunja, nikakitia kwenye kopo la majani ya chai, nikalificha juu ya kenchi, kwenye miti ya paa la jikoni.

Na sikukiona! Mnaelewa? Nilikata kitu ambacho sikujua kina nini.

Jumamosi iliyofuata Otmar alikuwepo na ghala lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia. Sinema ikaenda vizuri. Pale penye kiungo picha ikaruka kidogo, kama mtu aliyejikwaa, ikaendelea. Mama akabisha hodi, akaimba, wakakumbatiana, kina mama wakalia, vijana wakapiga makofi. Nami nikashusha pumzi.

Desderi akasimama. Alikuwa amerudi kuiona mara ya pili.

"Otmar, mbona hamkuonyesha kile kipande?"

"Kipande gani, Katekista?"

"Cha ndani ya chombo, kabla hajarudi. Pale tunapoonyeshwa aliyerudi ni nani."

"Aliyerudi ni mama yake! Si umemwona?"

"Jumapili tuliona vingine. Mama alifia njiani. Aliyefika ni mtu wa kutengenezwa."

Weee! Ghala lilipasuka kwa kelele. Toka siku hiyo kijiji kikagawanyika. Wakawepo wa Mama Kweli na wa Mama Bandia. Walibishana kisimani, walibishana kwenye foleni ya kupima kahawa, walibishana kilabuni huku pombe ya ulanzi inamwagika. Na wiki iliyofuata walirudi wote kuiona tena, kutafuta dalili.

"Tazameni," alisema Paskalia, mke wa Osmund, "binti anampa mkate, yeye anaushika tu. Hauli!"

"Ametoka safari ya miaka sabini, atakuwa na hamu ya mkate?" Otmar akajibu.

"Mimi nikitoka Mbinga mjini tu hapo, namaliza sufuria!"

Watu wakacheka mpaka benchi moja likaanguka. Mwingine akasema mama yule hapepesi macho. Mwingine akasema mvua inamnyeshea usoni na hajifuti. Otmar naye akawaambia wimbo je? Mashine itaujuaje wimbo wa mtoto? Hapo wa Mama Bandia wakakosa jibu. Jibu lilikuwa kwenye kopo langu la majani ya chai, na mimi nilikuwa sijui!

Katekista peke yake hakuwa na upande. "Mimi sibishani kama ni mama au si mama," alisema. "Ninachosema, kipande kilikuwepo, nilikiona. Kama leo hakipo, kanda imekatwa."

Desderi alikuwa mtu wa namna hiyo. Akikuambia alikutana na mbuzi wako darajani, huna haja ya kuuliza wangapi. Waliokosana kwenye ndoa, waliogombana kwenye mipaka, wote walimwita. Neno lake lilikuwa kama muhuri.

Na wale wengine sita? Wavuvi walikuwa wamerudi ziwani. Osmund alikiri kwamba Jumapili ile alikuja na ulanzi wake akalala. Fidelis na Festo mwanzoni walimtetea, wakachekwa, wakasema labda wanachanganya na sinema nyingine. Hyasint ndiye alishikilia zaidi, lakini wateja walipoanza kumtania, "Fundi, hata suruali yangu umeikata kipande?", naye akanyamaza. Akabaki Desderi.

Sasa ngoja niwaeleze siku yenyewe. Jumapili, Misa imetoka, watu wamesimama chini ya kengele. Ubishi umewaka, Otmar hapa, Desderi pale. Katekista akaniona nipo na Kasian. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyepata msaada.

"Mwenye kanda huyu hapa," akasema. "Mama huyu ni mwana wa kanisa, nimemfundisha kipaimara mwenyewe. Mama, tuambie. Kanda ile imekatwa, haikukatwa?"

Watu wote wakanigeukia. Kasian akaniangalia.

Nilimwogopa mzee wangu, ndiyo. Lakini nikisema ni hofu tu nitakuwa nawadanganya na ninyi. Ubishi ule niliupenda! Ghala lilijaa, jina la Mama Video likavuka kata tatu, watu walikuja kwa miguu kutoka mbali kunisalimia. Nilijua siku nikisema ukweli, yote yataisha.

"Haijakatwa," nikasema. "Kanda ni ile ile. Haki ya Mungu."

Desderi aliniangalia, kisha akaangalia chini, akafikicha macho yake kwa vidole viwili, hivi, kama mtu mwenye vumbi. Jamani, kile kitendo! Nakiona mpaka leo nikifunga macho.

Lakini hakuacha. Akasema kuna kibanda cha video Lituhi, kule ziwani, nacho kinayo sinema hiyo hiyo. Twendeni tukaione ya huko. Otmar na wenzake wawili wakateremka kwa lori la chumvi. Walirudi baada ya siku tatu, bila kuwakuta wale wavuvi wawili, na ndoo ya usipa mkavu na vigelegele vya wanaume.

"Hata ya Lituhi haina! Tumeiangalia mara mbili! Katekista, kipande chako kimeliwa na mamba?"

Ndiyo siku jina lilipozaliwa. Mzee Kipande! Watoto waliokuwa wakimwamkia "Shikamoo Katekista" sasa walimwita "Mzee Kipande!" wakakimbia.

Na mimi nilijua. Kanda ya Lituhi ilikuwa mtoto wa kanda yangu! Wiki mbili nyuma, ikiwa imeshakatwa, Bwana Hemedi aliichukua kwetu, akaidurufu kwenye deki zake mbili, akapeleka nakala ziwani. Nilimkabidhi mimi, mkono kwa mkono. Mama amekatwa kidole, halafu mnashangaa mtoto kurithi? Lakini nilikaa kimya nikawauzia maandazi.

Mngesema, ah, bibi huyu, si utani wa sinema tu? Na mimi nilijiambia hivyo hivyo. Utaisha. Kumbe utani una mizizi inayotembea chini kwa chini.

Gaudens, mume wa Kolasta, alipokuwa mgonjwa, alimwita Desderi akamzungusha shambani. Akamwonyesha mawe matatu. Kuanzia mawe yale kwenda bondeni, mashimo yote ya ngolo ni ya Kolasta na watoto. Wasiojua kwetu, ngolo ni yale mashimo tunayochimba mteremkoni ili mvua isibebe udongo. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza, kuchimba ni sisi wanawake. Bonde lile zima Kolasta alilichimba kwa mgongo wake, mwaka hadi mwaka, na mtoto juu.

Gaudens alipokufa, mdogo wake Meinrad akasema bonde ni la ukoo. Siku watu walipokwenda kuangalia, mawe hayakuwepo. Kesi ikaenda baraza la kata. Shahidi wa Kolasta mmoja tu, Desderi.

Jioni kabla ya baraza Kolasta aliingia kwangu kwa mlango wa jikoni kama kawaida. Akakaa kwenye kigoda, akachukua kisamvu akanisaidia kutwanga. Kisha akasema bila kuinua uso:

"Dada, Meinrad anajisifu kilabuni. Anasema shahidi wangu ni Mzee Kipande, hatasikilizwa."

"Maneno ya walevi hayo."

"Dada." Akaacha mchi. "Jumatatu ile mashine ilinguruma asubuhi. Mimi sikukuuliza, na sikuulizi. Ila kama lipo neno, liseme kesho. Neno moja tu. Mengine nitajua mwenyewe."

Nikafanya nini mimi? Nikasema, "Neno gani, Kolasta? Unanitafutia ugomvi na mume wangu?" Nikamjibu kwa ukali! Mtu aliyempokea mwanangu!

Alimaliza kutwanga kile kisamvu. Hakukiacha katikati. Akaosha mchi, akauegemeza ukutani, akatoka.

Kesho yake baraza lilijaa. Desderi akasimama, akaeleza alivyozungushwa na marehemu, jiwe la kwanza hapa, la pili pale, la tatu kwenye maji. Alieleza vizuri, kwa utaratibu. Mwenyekiti akamuuliza Meinrad kama ana swali.

Meinrad akainuka anatabasamu. "Shikamooni wazee wangu. Sina swali, nina masikitiko. Huyu mzee wetu tunampenda. Lakini nyote mnajua, aliona kipande kwenye sinema ambacho hakipo. Mama Video mwenyewe aliapa hakipo. Lituhi wakathibitisha hakipo. Sasa ameona na mawe ambayo hayapo. Tumpe pole, tumpe na maji ya kunywa."

Baraza zima likacheka. Hata mwenyekiti alificha mdomo kwa karatasi.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye majani, mstari wa pili. Kolasta alikuwa mbele yangu. Hakucheka, hakulia. Aligeuka akaniangalia, akangoja. Aliningoja mpaka kicheko kikaisha. Na mimi niling'oa majani mbele yangu, jani moja moja, kama mtu anayepalilia.

Kolasta alibakishiwa nyumba na mistari michache ya kahawa. Bonde lote likaenda kwa Meinrad. Kabla ya masika alifunga mizigo, akachukua watoto wake wanne, Anjela, Gotfrid, Editha na Valentino, akahamia kwa kaka yake Litumbandyosi kuanza kuchimba upya. Hakuja kuniaga. Uzio ulibaki, mlango wa jikoni ulibaki, nikawa nautazama.

Desderi naye mwaka ule aliomba kupumzika ukatekista. Tukaambiwa ni umri. Tangu hapo akiitwa kwenye shauri lolote alisema, "Mimi sijui, waulizeni wengine." Hata walipoiba baiskeli ya Hyasint mchana kweupe mbele yake, alisema, "Sina hakika kama niliona."

Kibanda cha video kilikufa, kama vinavyokufa vitu vyote. Kasian wangu akafa, sikuwahi kumwambia. Otmar akahamia mjini. Meinrad naye amekufa, na wanawe wanalima lile bonde. Kopo la majani ya chai halikufa. Nilibadilisha paa la jikoni mara mbili, na mara zote mbili nililishusha, nikalirudisha.

Mwaka huu wakati wa Kwaresima nikasikia Desderi anaumwa. Nikajiuliza, unangoja nini mwanamke wewe, umzike na uongo wako? Nikalishusha kopo, nikaenda. Binti yake akanipa kiti karibu na kitanda, akatuacha.

Macho yake yamekwisha, mtoto wa jicho ameyafunga yote mawili. Akanitambua kwa sauti.

"Mama Video! Umekuja kunitazama na mimi siwezi kukutazama."

Nikapiga magoti. Nikatoa kipande, nikamwekea mkononi. Nikamwambia yote, kwa kulia, kwa kurudia rudia. Mkasi, selotepu, kengele ya kanisa, Lituhi, baraza. Yeye alikuwa akiupitisha ule utepe katikati ya vidole, taratibu.

"Kumbe ni chepesi hivi," akasema. "Kama utepe wa nywele za mtoto."

Nikamwomba anisamehe. Akauzungusha ule utepe kwenye kidole chake. Ndipo akasema neno ambalo sitalisahau.

"Kuchekwa nilikuzoea. Lililonimaliza ni kwamba uliapa. Nikasema, mama huyu hawezi kuapa uongo, basi aliyekosea ni mimi. Nikaacha kuyaamini macho yangu. Nilisimama mbele ya watu kuongoza sala ya Nasadiki, moyoni najiuliza, wewe Desderi ambaye hujui hata ulichokiona Jumapili, unasadiki nini? Ndiyo maana niliacha. Si umri."

Ole wangu! Nilidhani nimemwibia jina. Kumbe nilimwibia macho, kabla hata ya ugonjwa kuyafikia.

Kisha, hamtaamini, akanigusa kichwa akauliza, "Na wewe ulikiona, hiki kipande?"

"Sikukiona, Katekista. Nilikuwa nakaanga."

"Basi kaa nikueleze."

Akanieleza. Mama yule yuko kitandani ndani ya chombo, amechoka, anajua hatafika. Pembeni yake amekaa mtu wa chuma. Mama anamfundisha wimbo wa mtoto wake, mstari kwa mstari. Yule wa chuma anakosea, mama anacheka huku anakohoa, anamrudisha mwanzo. Anampa zile siri tatu. Anamwambia, "Usipunguze neno." Anafumba macho. Ndipo yule wa chuma anajivika sura yake, kwa polepole, kama mtu anayevaa nguo za marehemu kwa heshima.

"Walikuwa wanabishana ni mama au si mama," Desderi alisema. "Mimi niliona ni shahidi. Aliyekufa alimkabidhi neno, naye akalibeba mpaka mlangoni bila kulipunguza. Na yule binti akampokea."

Hakumtaja Gaudens. Hakuwa na haja.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini aliyepoteza shamba si mimi."

Wiki ya pili nikapanda gari kwenda Litumbandyosi. Kolasta amezeeka kama mimi, mgongo umepinda. Nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta mlango wa jikoni, mazoea ya zamani. Binti yake Editha, sasa mama mtu mzima, akanishika mkono. "Shikamoo Mama. Pitia huku mbele."

Nikakaribishwa sebuleni. Nikawekewa kitambaa kwenye kiti. Nikaletewa soda. Kolasta akakaa mbele yangu, amejifunga kanga yake safi kama mtu anayepokea mgeni wa serikali. Nikasema yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Mashine ilinguruma asubuhi."

"Nisamehe, dada."

"Ya kweli uliyakana mbele za watu. Kayarudishe mbele za watu. Ukimaliza, njoo tena, tutaona utaingilia mlango gani."

Ndiyo maana naandika, wasomaji wangu. Barua hii haina jina langu la ubatizo, najua, na najua bado ni woga. Lakini nimekwenda kwa paroko nikaomba nafasi, naye amenipa. Jumapili inayokuja, baada ya matangazo, nitasimama pale chini ya kengele kwa jina langu lote, na kopo mkononi. Kutoka hapo nitakwenda kwa wana wa Meinrad niwaambie mawe matatu yalikuwepo. Wakinifukuza, wanifukuze. Niombeeni miguu isigome.

Na wewe unayesoma, kama uliwahi kuapa kitu kidogo, ukasema ah, ni utani tu, ni sinema tu, usijidanganye! Hujui neno hilo limekwenda kulala kwenye shamba la nani. Kama unalo kopo lako juu ya kenchi, lishushe leo. Lifungue wakati mwenye macho bado anaona. Mimi langu nililifungua mbele ya kipofu, akalazimika kulipapasa.